Hamsini wa Gadi

Kila muhula ulipofunguliwa, kabla hajaita majina na kabla hajauliza nani ana kalamu, Mwalimu aliandika namba moja ubaoni: 603,550. Kisha aligeuka, akapangusa vidole kwenye suruali, akasema, "Hawa ni watu. Msiwachezee."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa makatoni yaliyokunjuliwa na kupigiliwa kwenye fito, maana jengo letu lilikuwa kanisa Jumapili na shule siku nyingine, hapo Kawangware, si mbali na mahali mabasi ya 46 yalipogeuzia. Nilikuwa katekista, nikiwafundisha dini watoto wa upande wangu. Yeye alifundisha hesabu upande wake. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, hivyo kwa miaka mingi wanafunzi wangu walijifunza hesabu bila kukusudia, nami pia. Namshukuru Mungu kwamba hatukuwahi kujenga ukuta wa mawe.

Namba ile hakuitunga yeye. Imo katika kitabu cha Hesabu, sura ya kwanza: wanaume wa Israeli waliohesabiwa jangwani, kabila kwa kabila, jumla yao mia sita na tatu elfu, mia tano na hamsini. Sisi wengine huupita mstari huo haraka ili tufike penye habari. Yeye alishuka hapo na hakuendelea na safari.

"Mbona hamsini?" aliuliza darasa. "Fungueni mtazame. Rubeni anaishia na mia kamili. Simeoni, mia kamili. Yuda, mia kamili. Makabila kumi na moja yote yanaishia na mia. Nani ametuletea hamsini?"

Nilisikia kurasa zikifunuliwa, kisha sauti nyembamba: "Gadi, Mwalimu. Arobaini na tano elfu, mia sita na hamsini."

"Gadi. Wangeweza kuandika mia saba wakaenda kulala. Nani angejua? Lakini hao hamsini walikuwa na mama zao."

Kutokana na hao hamsini wa Gadi, alieleza, namba nzima ilikuwa na tabia ya pekee. Musa alikuwa ameshauriwa na mkwewe aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Wapange watu hawa maelfu maelfu, wanabaki mia tano na hamsini bila mkuu. Wapange mamia mamia, wanabaki hamsini. Wagawe sawa kwa makabila kumi na mawili, wanabaki kumi. Kwa saba wanabaki watatu. Hata kwa tatu, anabaki mmoja amesimama peke yake. Ila ukiwapanga kumi kumi wanaingia, na hamsini hamsini nao wanaingia wote, vikosi 12,071, na hakuna mtu anayeachwa jangwani.

Hiyo 12,071 nayo ilikuwa kaidi. Haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Vitabu vilivyotoka Tanzania viliziita namba za aina hiyo namba tasa, lakini Mwalimu hakupenda kulitamka neno hilo mbele ya akina mama waliokuwa wakingoja watoto kwenye benchi za nyuma. Alisema "zisizokubali kugawanywa," na hiyo ilitosha.

Wala hakutaka watoto waamini hivyo kwa sababu yeye amesema. Kila mmoja alipewa kigawanyo chake, huyu kumi na tatu, yule thelathini na saba, wakaambiwa wajaribu kuivunja. Hakuna haja ya kupita mia moja na tisa, alisema, maana mia na kumi mara mia na kumi tayari imeipita namba yetu. Asubuhi nzima ilipita kwa mikwaruzo ya kalamu. Siku moja msichana mmoja, binti wa fundi viatu, akasimama.

"Mwalimu, yangu imeingia."

"Ipi?"

"Sabini na moja. Imeingia mara mia na sabini."

Darasa likalipuka. "Amebomoa namba ya Mwalimu," mmoja alisema. Mwingine: "Wewe leo utafukuzwa Israeli."

"Nyamazeni. Izidishe turudi tulikotoka."

Alizidisha kwa sauti, na nilimsikia akipunguza mwendo alipokaribia mwisho. "Elfu kumi na mbili na sabini." "Imebaki moja tu, Mwalimu. Hiyo si ni kitu kidogo?"

"Wewe ukitoka nje sasa hivi, darasa litabaki au halitabaki?"

"Litabaki."

"Basi wewe ni kitu kidogo?"

Msichana alifikiri. "Inategemea unamwuliza nani. Kwa mama mimi ni kitu kikubwa."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Kaa chini. Mama yako anajua hesabu."

Tangu siku hiyo alimwita Sabini na Moja. Hakuweza kabisa kushika majina ya watoto, kwa hiyo aliwaita kwa vigawanyo vyao, nao waliyapokea kama majina ya ubatizo. Hadi leo yuko mzee Kawangware mwenye duka la mbao ambaye wenzake wa rika humwita Thelathini na Saba, na vijana wanadhani ni nambari ya nyumba.

Mwalimu huyo aliyebeba namba kubwa namna hiyo kichwani hakujua saa. Alichelewa kila siku ya Mungu, ingawa alipanga chumba katika ploti ya baba yangu, mahali ambapo ungeweza kusikia kengele ya shule ukiwa kitandani. Alivaa saa ya mkono iliyokuwa imekufa zamani. Nilimwambia, "Mwalimu, saa yako imesimama." Akajibu, "Inapumzika." Alikuwa mchoyo wa chaki hata akaandikia vipande ambavyo havikushikika, akiviviringisha kwa ncha ya kidole, lakini mtoto asiyeelewa alimkalisha saa nzima baada ya wenzake kwenda, na hakuona kuwa ametoa kitu. Kwa watu wazima alikuwa mkali, hasa kwa majirani wenye redio. Kwa watoto hakuinua mkono, jambo ambalo miaka ile wazazi waliliona kuwa udhaifu, na walimwambia hivyo.

Alitoka Maragoli, kule magharibi, katika kanisa la watu wanaokaa kimya wakimngoja Mungu aseme kwanza. Kanisa letu lilikuwa la ngoma na makofi. Alikaa katikati ya makofi yetu ametulia kama mtu anayesubiri basi, na nadhani alituombea zaidi ya tulivyojua. Alifungua mdomo kwa jambo moja tu. Mhubiri mgeni alisema kwenye mahubiri, "Waisraeli mia sita elfu walivuka," na kutoka benchi ya tatu ikasikika: "Na elfu tatu, mia tano na hamsini."

Mhubiri alisimama. "Mzee, imeandikwa katika Kutoka, mia sita elfu."

"Imeandikwa yapata mia sita elfu, mchungaji. Siku hiyo walikuwa wanakimbia. Walipofika jangwani Mungu alipata nafasi ya kuuliza vizuri."

Watu wakacheka, mhubiri naye akacheka, akaendelea kuvuka bahari na idadi iliyorekebishwa.

Usidhani alikuwa mtu wa kutafuta siri katika namba. Miaka hiyo walikuwapo watu Kawangware waliotafuta namba ya mnyama kwenye vibao vya magari. Mmoja alimjia akitaka amjumlishie herufi za jina la mwenye nyumba wake. "Jumlisha mpaka uchoke," Mwalimu alimwambia, "halafu kesho asubuhi umsalimie." Alijiruhusu mchezo mmoja tu. Ukimwongeza Musa mwenyewe, yule aliyekuwa akihesabu, namba inakuwa 603,551, nayo hugawanyika sawasawa kwa kumi na tatu; na ukiwaweka pamoja nao Walawi waliohesabiwa kando, kumi na tatu ndiyo idadi ya makabila. Aliniambia hayo kwa sauti ya chini, akitabasamu. "Huo ni mchezo, Katekista. Usiuhubiri." Sijauhubiri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwalo nyumba yangu itamshukuru daima.

Sisi wenyeji wa hapa tulilelewa kutohesabu watoto. Hata mbuzi hawakuhesabiwa kwa sauti, sembuse mtu. Mama yangu, ambaye watoto wote wa Kabiro, mtaa wetu, walimwita Cucu, yaani bibi, alikuwa na wajukuu kumi. Ukimwuliza, alisema, "Tisa waliojaa," ndivyo watu wetu walivyolizunguka lile kumi, na hakuna polisi wala askofu ambaye angemtoa zaidi ya hapo. Tulipopokea Injili hatukuiacha desturi hiyo. Tulikuta humo ndani dhambi ya Daudi ya kuwahesabu watu, tukaona kwamba mababu walikuwa sahihi.

Basi ilijengwa shule mpya ya mawe, na ofisi ya elimu ikasema itawachukua watoto wetu wote, pamoja na wale wadogo waliokuwa wanaanza, mradi ijulikane ni wangapi. Alitumwa bwana mmoja kijana, mpole, aliyevaa tai. Alizunguka nyumba kwa nyumba.

"Mama, una watoto wangapi wa kwenda shule?"

"Wapo."

"Ndiyo, lakini ni wangapi?"

"Wa kutosha."

Jioni alirudi kanisani amekaa kama mtu aliyenyeshewa. "Hawa watu wanataka shule au hawataki?"

"Wanataka," Mwalimu alisema. "Umewauliza vibaya. Hata Musa hakuhesabu vichwa. Kila mtu alileta nusu shekeli, wakahesabu fedha. Iko katika Kutoka, na ukipiga hesabu ya fedha hiyo unapata watu wale wale, mia sita na tatu elfu, mia tano na hamsini. Tuhesabu maharagwe."

Ilitangazwa kwamba Jumatatu kila mtoto aje na punje moja ya maharagwe kutoka nyumbani, aitie ndani ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, pale mlangoni. Akina mama walikubali bila neno. Maharagwe ni maharagwe. Jumatatu watoto walikuja wamekunja ngumi, wakapita mmoja mmoja, na ule mlio wa punje kwenye bati sijausahau. Kisha tulizimimina juu ya meza ya mchungaji, tukazipanga kumi kumi. Zilikuwa mia mbili kamili.

Bwana wa ofisi alisimama kwa furaha. "Vyumba vitano, watoto arobaini kila chumba. Hata ningeomba nisingeomba hivi." Mchungaji alisali sala ya shukrani. Tulisema amina.

Mwalimu hakusema. Alikuwa anaziangalia punje. "Bwana, usiandike leo. Ngoja kesho."

"Kuna nini?"

"Imekaa vizuri mno."

"Si ndiyo jibu la sala?" mchungaji alimwuliza.

"Inawezekana, mchungaji. Mia mbili ni namba kama nyingine, haina kosa. Lakini Mungu alipohesabu watu wake alibaki na hamsini mkononi. Sisi tumepata mia kamili mara ya kwanza? Nahisi kuna mtu yuko nje."

Bwana wa ofisi alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye mgonjwa. Lakini alikubali kungoja.

Tulizunguka pamoja, Mwalimu na mimi, kuanzia mlango wa kwanza hadi giza lilipokaribia. Hakuuliza watoto ni wangapi. Aliuliza, "Asubuhi ya leo kuna aliyelia?" Akina mama walishangaa, wakafikiri, wakasema hakuna. Mwisho wa njia ilikuwa nyumba ya mama yangu. Nilimwambia tusijisumbue, maana hapo palikuwa kwetu. Binti yangu wa mwisho aliishi na bibi yake kwa kuwa alikuwa mgonjwa mgonjwa, na ndiyo kwanza alikuwa anafikia umri wa kuanza shule. Nilijua mama amewapa wote. Mwalimu alikwisha kubisha.

"Umekuja kunihesabia wajukuu?" mama alimwuliza kabla hatujaketi.

"La, Cucu. Nimekuja kuuliza kama asubuhi kuna aliyelia."

Mama alipuliza moto kwa muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. "Yule mdogo alilia. Aliona wenzake wana maharagwe."

"Hakupewa?"

"Huwa namwacha mmoja. Siku zote. Nyumba isijae. Ikijaa, kitu huja kuipunguza." Alituonyesha kwa kidevu upande wa shamba, ambako ndugu zangu wawili walizikwa wakiwa watoto. "Wewe una hesabu zako, Mwalimu. Mimi nina zangu, na nimezilipia."

Nilitaka kusema. Nilikuwa na mistari mitatu ya Biblia tayari mdomoni. Mwalimu alinishika mkono wa shati. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye, na akanyamaza ule unyamavu wa kwao mpaka chungu kikaanza kuchemka.

"Cucu," alisema, "huyu unayemwacha nje ili awalinde wenzake, yeye analindwa na nani?"

Binti yangu alikuwa amesimama karibu na kitanda, amevaa sweta ya dada yake, anatuangalia. Moto ulipasuka. Mwishowe mama alisema, si kwa Mwalimu, bali kwa mtoto: "Kapu liko pale. Mimi siwezi kukupa kwa mkono wangu." Kisha akageuza uso ukutani. "Na mimi sijaona kitu."

Mtoto alienda kwenye kapu akachagua kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua mbuzi. Mwalimu hakumharakisha.

Asubuhi bwana wa ofisi alizihesabu upya. "Mia mbili na moja. Mwalimu, umezunguka Kabiro yote kwa ajili ya mmoja?"

"Ndiyo."

"Madawati niliyopewa ni ya watoto mia mbili. Huyu nitamweka wapi, juu ya paa?"

"Katika chumba nitakachofundisha mimi. Atakaa kwenye kiti changu. Mimi nikikaa nasinzia, hata Katekista anajua."

Kijana yule alimtazama, akamtazama mchungaji, akacheka, akaandika mia mbili na moja. Mwalimu alifundisha amesimama mwaka mzima. Nilimwuliza kama miguu haimwumi, alisema inauma.

Mama yangu aliishi mwaka ule kwa hofu. Mtoto alipokohoa, aliniangalia mimi. Lakini nyumba haikupunguzwa. Aliishi miaka mingine mingi, na siku tulipomzika, wajukuu wote kumi walirusha udongo. Naliandika kumi hilo kwa utulivu, kwa heshima yake.

Mara ya mwisho kumwona Mwalimu ilikuwa Gatwekera, kule Kibera. Alikuwa amestaafu, akahamia kwa mpwa wake fundi wa mabati, na tulisikia kwamba macho yanamwacha na kwamba atapelekwa Maragoli akapumzike. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anamaliza masomo ya uuguzi, alisema twende. Tulitoka Kawangware kwa miguu, tukavuka barabara ya Ngong, tukapita Jamhuri, tukateremka mpaka relini. Njia nzima alinifanyia mazoezi ya atakayoyasema. Alitaka kumshukuru kwa maneno yaliyonyooka. Nilimrekebisha mahali pawili.

Tulimkuta ameketi mlangoni, uso ameuelekeza penye mwanga. Matope ya mvua yalikuwa yamefika kizingitini. Alinitambua kwa mwendo.

"Katekista. Umekuja na nani?"

"Na binti yangu, Mwalimu. Yule wa mia mbili na moja."

"Mia mbili na moja," alisema taratibu. "Tatu mara sitini na saba. Hiyo inavunjika vizuri." Binti yangu alicheka. Mwalimu aligeuza kichwa kuifuata sauti, akamtazama kwa macho yale yaliyokuwa yakiondoka, na nikaona kwamba hamkumbuki. Sikushangaa. Hakuwahi kushika majina, na yeye alikuwa mtoto mmoja kati ya wengi mno.

"Nisamehe, mama," alimwambia. "Jioni ile sikuwa nakutafuta wewe. Sikujua kama upo. Nilijua tu kwamba kuna mtu."

Nilingoja binti yangu aanze. Maneno alikuwa nayo, niliyasikia njia nzima. Lakini alivua viatu pale kwenye matope, akaingia ndani ya chumba.

"Umekula, Mwalimu?" aliuliza kutoka gizani.

"Bado."

Nilimsikia akitafuta kibiriti.